Kikohozi Kabla ya Neno

Kituoni, 3 Februari

Mdogo wangu Bwana Haraka,

Nimefika salama, mifupa yote iko mahali pake ingawa lori lilijitahidi kuipanga upya. Huku ni ukimya mtupu. Lile sinia kubwa la chuma, darubini ya redio ya kituo, linasikiliza nyota mchana kutwa, na kwa kuwa nyota zinanong'ona, sisi wanadamu tumekatazwa kila kitu chenye mawimbi: simu za mkononi, redio, hata maikrowevu ya kupashia chakula. Kuna simu moja tu ya waya, iko ofisini kwa mkuu wa kituo, na anavyoilinda utadhani ni binti yake wa pekee. Barua zinakuja na kuondoka na lori la maji. Tujizoeze kuandika.

Baba anaendeleaje? Bado anabonyeza "Nyamaza" kila unapofungua mdomo? Njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu, dereva akaniona sina akili. Ukikumbuka alivyotoka kwenye upasuaji, koo limetobolewa, hana hata sauti ya kuguna! Na leo anabonyeza kishikwambi, inatoka sauti yake mwenyewe, ileile aliyoirekodi kabla hawajamwondolea koo. Katika kazi zote nilizofanya, hiyo ndiyo pekee ninayojivunia bila aibu.

Sasa tuongee kazi. Kliniki wanataka hifadhidata yetu ya sauti za wagonjwa isimbwe, yaani hata mwizi akiiba diski asisome kitu. Usiende kubofyabofya kwenye tovuti ya kampuni ya wingu, wale wanaotutunzia data kwenye kompyuta zao. Kila kitu chetu kimeandikwa kwenye lile faili nililokuachia: tunataka hifadhidata ya aina gani, kubwa kiasi gani, nani aruhusiwe kuingia. Programu inasoma faili, inatazama kilichopo kule kwenye wingu, halafu inafanya viwili hivyo vifanane. Ongeza mstari wa kusema isimbwe, endesha programu, ikikuuliza jibu ndiyo. Ni mstari mmoja tu.

Msalimie Baba. Mwambie huku hakuna hata saa moja inayokwenda sawa, angekufa kwa hasira.

Dada yako


Nyumbani, 10 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika na mchanga wake. Baba aliisoma kabla yangu, na pale uliposema mifupa iko mahali pake akabonyeza "Mwongo." Kuhusu saa zenu, anasema wamletee hizo saa, atazitengeneza, ila wewe mwenyewe ubaki huko huko.

Nina habari mbaya. Yule Kinyozi, jirani yake Baba wa kitanda cha dirishani, amefariki. Hakutoka hospitali, hata kishikwambi chake hakuwahi kukishika. Unakumbuka siku ile walivyorekodi pamoja kwa kupokezana, mmoja akichoka mwenzake anashika kipaza sauti, wanataniana kama watoto? Baba alipoambiwa alikilaza kishikwambi kifudifudi mezani.

Mke wa Kinyozi alikuja ofisini. Nilimvutia kiti, akakataa kukaa. Anaomba kitu kimoja, amsikie mumewe akisema "Umeshakula?" Ndivyo alivyokuwa akimuuliza kila akirudi kutoka kwenye kibanda chake cha kunyolea, miaka yote ya ndoa yao. Neno hilo limo kwenye orodha ya kurekodi, kila mgonjwa analisoma. Nimemwambia arudi Jumatatu nimwekee maneno yote kwenye flashi.

Mstari wako nimeshauandika. Programu imenionyesha mpango wake kwanza: kitu kimoja kitaongezwa, kitu kimoja kitafutwa. Nadhani inafuta ile hali ya zamani na kuweka hii ya kusimbwa, sioni ubaya. Inangoja niandike ndiyo. Naandika, nafunga barua, nawahi posta kabla hawajafunga.

Mdogo wako


Kituoni, 12 Februari

Usiuweke ule mstari! Kama faili liko wazi, lifunge. Acha kila kitu kilivyo.

Leo nikiwa napiga mswaki ndipo nimekumbuka. Hifadhidata ikishazaliwa bila kusimbwa haiwezi kusimbwa ukubwani, kampuni ya wingu haina njia hiyo. Kwa hiyo ukiiambia programu tunataka iliyosimbwa, itafanya jambo pekee inaloliweza: itafuta iliyopo na kujenga nyingine mpya, imesimbwa vizuri kabisa, na ndani haina kitu. Nakala za akiba zimefungwa kwenye ile ya zamani, zitaondoka nayo. Programu haina akili wala huruma. Yenyewe inataka tu faili na wingu vifanane.

Njia ya kweli ni ndefu. Unachukua nakala, unaisimba hiyo nakala, halafu unajenga hifadhidata mpya kutokana nayo. Nitakuandikia hatua kwa hatua, wewe kaa mbali na kompyuta.

Lori haliondoki leo wala kesho. Nimemwomba mkuu simu, ananiambia dharura ni mtu kuungua au kuumwa na nyoka. Nimemweleza ni sauti ya baba yangu, akauliza baba yangu anaumwa nini. Nimeshindwa kumwelewesha. Niko kama mtu aliye ghorofani anamwona mtoto anavuka barabara bila kutazama. Nitarudi kumsumbua mpaka anichoke.

Dada yako


Nyumbani, 20 Februari

Dada,

Shikamoo. Kama nilivyokuambia kwenye simu, sikugusa kitu. Najua barua yangu ilisema naandika ndiyo, lakini umeme ulikatika palepale, na uliporudi nikaona uvivu. Angalau mara moja uvivu wangu umefaa. Samahani kwa kukujibu kwa mkato, nilikuwa na watu.

Baba hajambo. Kishikwambi chake kinasumbua betri, kiko kwa fundi, kwa hiyo siku hizi anaandika kwenye karatasi. Unamjua mwandiko wake, herufi ndogo kama skrubu za saa. Mimi na yeye tunashinda tumeinamia meza, mimi nimevaa miwani yake.

Mke wa Kinyozi alikuja Jumatatu. Nimemwambia arudi wiki ijayo.

Kuna kitu nauliza, kwa kujifunza tu. Mtu akifuta hifadhidata kule kwenye wingu, inapotea palepale? Au kuna mahali wanaiweka kwanza? Hakuna haraka ya kunijibu.

Mdogo wako


Kituoni, 27 Februari

Bwana Haraka uliyegeuka Bwana Uvivu,

Mungu akuweke na uvivu wako. Nilipokata simu siku ile nilikaa kwenye sakafu ya ofisi ya mkuu nikacheka mpaka akaniletea maji. Siku zote kabla ya simu ile sikuwa nalala wala kula vizuri. Mpishi alishaanza kunitazama kwa huruma.

Hatua za kusimba kwa usalama nimeziandika kwenye karatasi ya pili. Zifuate moja moja, usiruke.

Kuhusu swali lako la darasani: kampuni huishikilia kwa wiki moja hivi. Ukiwapigia ndani ya hiyo wiki na kuwaomba, wanairudisha kama ilivyokuwa. Wiki ikipita wanaitupa, hata vumbi lake halipatikani. Ndiyo maana jambo kama hilo likitokea mtu hapaswi kukaa nalo hata kidogo, anapaza sauti hapohapo. Vizuri umeuliza mapema.

Lakini betri gani hiyo inayokaa kwa fundi muda wote huu? Mdogo wangu, unanificha kitu kuhusu Baba. Amezidiwa? Mikono imekosa nguvu ya kubonyeza? Niambie ukweli. Nitaondoka hapa hata kwa miguu.

Dada yako


Nyumbani, 8 Machi

Dada,

Baba hajazidiwa. Baba ni mzima. Ni mimi.

Niliandika ndiyo. Hakuna umeme uliokatika. Programu ilifanya kazi yake, ikaniandikia kwa rangi ya kijani kwamba imekamilika, nikaenda posta napiga mluzi. Niliporudi nilimkuta Baba anabonyeza kishikwambi na hakitoi kitu. Akanionyesha betri kwa kidole. Yeye ndiye aliyesema ni betri, mimi nikaidaka nikaing'ang'ania.

Ulipopiga simu Baba alikuwa amekaa mbele yangu. Ulisema, "Niambie hujaigusa," nikausikia mdomo wangu unasema sijaigusa. Siku hiyo wiki ilikuwa bado haijaisha. Barua yako nimeisomea posta. Nilipofika pale uliposema wanaishikilia wiki moja nikakaa chini kwenye ngazi, watu wakawa wananiruka.

Wagonjwa wengine nimewaita warekodi upya, koo zao bado wanazo, nikawadanganya kwamba mtambo umeboreshwa. Waliobaki ni wawili tu. Baba hana koo, na Kinyozi hayupo.

Na kinachonitia wazimu ni kwamba sauti zenyewe zipo. Zile rekodi zilikuwa kwenye stoo nyingine kule kule kwenye wingu, hazikuguswa. Ila hifadhidata ndiyo iliyokuwa inajua ipi ni ya nani na inasema neno gani. Sasa ni lundo, na kila faili jina lake ni herufi na tarakimu zisizo na maana. Nafungua moja, mwanamke anasema "Maji." Nafungua nyingine, mzee anasema "Kesho." Nashinda nasikiliza. Wazee wenye koo bovu wanakwaruza sawasawa wote, dada. Wakati nilipokuwa na Baba mwenye sauti sikujua kwamba nilipaswa kuishika kichwani.

Sijamwambia. Kila nikifungua mdomo ananitazama, nami nauliza kama anataka chai.

Mke wa Kinyozi bado anakuja. Siku hizi anakubali kukaa.

Mdogo wako


Kituoni, 15 Machi

Mdogo wangu,

Barua ya kwanza niliyoandika kukujibu ilikuwa ya matusi. Nimeitia jikoni kwa mpishi, imeshachemsha chai.

Halafu nimekumbuka nilichokuandikia mwenyewe: ikikuuliza jibu ndiyo, ni mstari mmoja tu. Ulifanya nilivyokuagiza. Nadhani na hilo ulikuwa unanificha, ili nisijue kwamba mkono ulikuwa wako lakini neno lilikuwa langu. Sikudai chochote kwa hilo. Kinachoniuma ni ile simu. Nilikuwa nawe kwenye waya, kitu bado kinaweza kurudi, na wewe ukanipa nilichotaka kusikia, nami nikakipokea mbio bila kuuliza mara mbili.

Sina la kukusaidia. Nimepekua kichwa changu chote na hakuna amri, hakuna faili, hakuna mtu wa kumpigia. Nimezungukwa na mitambo ya kusikia nyota zilizokufa zamani, na siwezi kusikia rekodi moja ya nyumbani kwetu. Nimeomba ruhusa, mwenzangu wa zamu ni mgonjwa, nimeambiwa nisubiri hadi mwezi wa sita. Hivyo ninachoweza kukufanyia ni kukuandikia tu.

Mwambie Baba. Mketishe, mfungulie moja moja, yeye atajijua. Hakuna mwingine wa kumuuliza.

Dada yako


Nyumbani, 2 Aprili

Dada,

Shikamoo! Sikumwambia, na sasa hakuna haja. Nimeipata.

Unakikumbuka kikohozi cha Baba? Kile cha mara mbili, kimoja kikubwa cha kutisha paka, kingine kidogo cha kuomba radhi? Nilikuwa nimeshakata tamaa, nafungua tu kwa mazoea, nikakutana na rekodi ya "Umeshakula?" Na kabla ya neno, hicho kikohozi. Chenyewe hasa! Nikairudia mpaka masikio yakaniuma. Kutoka hapo nikaishika ile sauti, nikaifuata rekodi kwa rekodi, nikitupa zote zisizofanana nayo, mpaka orodha ikajaa. Hifadhidata mpya sasa inajua kila neno lake liko wapi, na imesimbwa, na nakala zake nimeziweka mahali pengine kabisa.

Nilimwekea kishikwambi mezani nikamwambia fundi amemaliza. Akabonyeza "Mwanangu." Akasikiliza. Akabonyeza tena. Alinitazama kwa muda mrefu, machozi yakamtoka, akanishika mkono akawa anaupigapiga. Mimi nililia kwa kwikwi, mtu mzima mwenye ndevu. Usinicheke.

Ya Kinyozi sijaipata. Kuna sauti nyingine inayokwaruza karibu vilevile, nilidhani ni yake, lakini siwezi kuapa, na sauti ya kubahatisha siwezi kumpa mjane. Nimemwambia imepotea. Alisema asante, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Jumapili mchana nitapiga namba ya mkuu wako. Mwambie kuna mtu ameumwa na nyoka.

Mdogo wako


Kituoni, 11 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Simu ilikuwa inakwaruza, mkuu amesimama mlangoni anatazama saa, na sikuweza kusema hata nusu ya niliyoyapanga. Uliponiita "Mwanangu" niliushika mkonga wa simu kwa mikono miwili. Ni wewe, Baba. Ningekujua kati ya watu elfu. Mkuu mwenyewe alitoka nje akaniacha nilie.

Kuna siku utasikia jambo kuhusu betri ile. Ukilisikia usimkemee mdogo wangu. Amehangaika kukurudishia sauti kuliko mimi nilivyohangaika kuijenga mara ya kwanza. Nimekuwa nikimwita Bwana Haraka tangu akiwa mdogo, sitamwita tena.

Mwezi wa sita nakuja. Nataka nikifika mlangoni, kabla sijatua mzigo, nikusikie ukiniambia "Mwongo."

Binti yako


Nyumbani, 18 Aprili

Shemeji,

Mimi ni yule fundi saa wa kitanda kilichopakana na cha mumeo. Tuliachana tukiitana ndugu, ndiyo maana nakuita hivyo. Barua hii nimempa muuza magazeti akuletee mkononi, sikutaka ipite kwa mwanangu.

Nasikia amekuambia sauti ya mumeo imepotea. Usimkasirikie, ndivyo anavyoamini. Haikupotea. Ninayo mimi.

Rekodi zetu zilichanganyika. Hakuna aliyeniambia, lakini betri haikai kwa fundi wiki zote zile, na mimi mwenyewe ni fundi, najua kuzungusha wateja kunavyosikika. Nilimwona mwanangu akisikiliza lundo la rekodi mpaka macho yakamwiva, akapata sauti yenye kikohozi changu mwanzoni, akanikabidhi. Hakukosea kuhusu kikohozi. Siku ile tulirekodi kwa zamu: mumeo anasema, mimi nimekaa nyuma yake nangoja, nakohoa. Kikohozi ni changu, sauti ni yake. Nilipobonyeza mara ya kwanza niligeuka, nikadhani ameingia chumbani.

Nilitaka kusema, nikawa sina cha kusemea. Kuandika ningeweza, kalamu ilikuwa mbele yangu. Lakini kijana alikuwa amesimama pale amekonda, anangoja uso wangu. Nililia kwa ajili ya mumeo, yeye akadhani nalia kwa furaha, nikamwachia. Kisha binti yangu akasikia kwenye simu, akaniandikia kwamba angenijua kati ya watu elfu. Barua yake naitunza. Ni watoto wazuri, shemeji, wananilea vizuri. Wameisahau sauti yangu, na inaniuma kuliko hili tobo la kooni, ila sitaki wajue kwamba wameisahau. Yangu imo humo kwenye lundo, na ikae. Nawatuma dukani kwa sauti ya mumeo, nao wananiitikia, "Naam, Baba."

Kuna neno moja tu ambalo sijalibonyeza mbele yao wala sitalibonyeza, kwa sababu si langu kulisema. Njoo Alhamisi mchana, mwanangu anakuwa kliniki. Mlangoni usinisalimie, maana nitakujibu kwa sauti yake ukaanguka kizingitini. Ingia, kaa, vuta pumzi. Ukiwa tayari nipe ishara, nami nitabonyeza "Umeshakula?"

Utasikia kwanza mtu anakohoa mara mbili. Huyo ni mimi, nangoja zamu yangu, usinijali. Baada yangu ni yeye. Mjibu.

Fundi saa